Baada ya Uwanja wa Mexico: Uhakiki wa Hadithi ya Mwanariadha Aliyeanguka

Katika kazi yetu ya kufundisha Kiswahili hapa Kigali tumezoea, kama walimu wenzetu wengi wa Afrika Mashariki, kuitumia hadithi ya John Stephen Akhwari kila tunapofikia somo la ufahamu linalohusu uvumilivu. Ni hadithi fupi. Husimulika kwa dakika kumi, ina shujaa mmoja, ina damu, ina giza linaloingia, na mwishoni ina sentensi moja ambayo hata mwanafunzi aliyekuwa akisinzia huondoka nayo. Muhula mmoja tulimsimulia msichana wa mwaka wa tatu wa sekondari ambaye siku chache kabla alikuwa amepitwa mzunguko mzima katika mbio za mita 1,500, akatoka uwanjani huku akichekwa, na akaapa kutovaa tena viatu vya mbio. Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, baada ya hapo ikawaje?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba baada ya hapo Akhwari akawa shujaa. Msichana yule alitutazama kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya akajibiwa kwamba soko ni kubwa.

Makala haya yametokana na swali hilo. Nia yetu si kumhakiki Akhwari, ambaye heshima yake haina shaka, bali kuihakiki hadithi yake jinsi inavyosimuliwa katika madarasa yetu, katika magazeti na katika hotuba za siku ya michezo. Na kwa kupitia hadithi hiyo, kuangalia namna sisi walimu tunavyowafundisha vijana maana ya kushindwa.

Kwanza tuukumbuke mkasa wenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, wanaume 75 walianza mbio za marathoni katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na kifua cha mgeni huwaka moto mapema. Akhwari, mzaliwa wa Mbulu nchini Tanzania, alianguka karibu na kilometa ya kumi na tisa wakati wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi. Goti liliteguka na kupasuka, bega likagonga barabara. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani saa moja na dakika tano baadaye, kwa 3:25:27, akiwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza, mbele ya watazamaji wachache waliobaki. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza. Picha zake, na hasa jinsi mtengenezaji filamu Mmarekani Bud Greenspan alivyozitumia, ziliyafanya maneno hayo yazunguke dunia nzima.

(Yamezunguka, lakini si bila kuchubuka. Katika masimulizi mengi umbali uliotajwa ni maili 5,000. Katika mengine ni 10,000. Anayepima kwenye ramani ya dunia kutoka Dar es Salaam hadi jiji la Mexico atapata zaidi ya maili 9,000. Hatusemi hivi kwa ubishi. Tunataka tu kuonyesha kwamba maneno hayo tumeyapokea kwa Kiingereza, yakiwa yamepita midomo mingi, na kila mwalimu huyatafsiri kwa Kiswahili chake.)

Sasa tuangalie fani ya hadithi hii. Msimulizi huikata pale Akhwari anapouvuka mstari. Mkato huo una nguvu kubwa ya kisanaa. Ndio unaoifanya sentensi ile ilie kama kengele. Lakini mkato huo huo huacha nje mambo mawili ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo yenye maudhui.

La kwanza ni Abebe Bikila. Mhabeshi huyu alikuwa amezishinda marathoni mbili za Olimpiki zilizotangulia, ile ya Rome mwaka 1960 aliyoikimbia bila viatu, na ile ya Tokyo mwaka 1964. Siku hiyo hiyo ya Mexico, katika barabara zile zile, Bikila alijitoa baada ya kilometa 17 hivi kwa sababu ya mguu ulioumia. Hakuna anayemwita Bikila mtu aliyekata tamaa, wala hakuna anayepaswa kumwita hivyo. Basi tunapomwambia mtoto kwamba ushujaa ni kumaliza, tunamweka wapi mtu huyu, ambaye kwa hesabu ya ushindi hakuwa na mwenzake katika kundi lile? Msimulizi wa kawaida hulikwepa swali hili kwa njia rahisi kabisa: hamtaji.

La pili ndilo lililotuaibisha mbele ya yule msichana. Baada ya Mexico, Akhwari alirudi mazoezini. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, alikimbia tena marathoni na kuwa wa tano, kwa saa 2:15:05. Msomaji azitazame tena tarakimu hizo. Muda huo ni bora kuliko ule uliompatia Wolde dhahabu Mexico. Ni kweli kwamba Edinburgh haina mwinuko wa Mexico, na mlinganisho wa namna hii haumtendei Wolde haki. Lakini unatosha kutuonyesha kwamba mtu aliyeingia uwanjani akichechemea alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu, na kwamba baada ya miaka miwili alikuwa amekwisha kulijenga upya goti, pumzi na roho yake. Miaka miwili hiyo haimo katika hadithi. Asubuhi ngapi za kukimbia kwenye baridi? Lini goti lilipoacha kuuma? Siku gani alitamani kuacha? Hadithi yetu haiulizi, kwa sababu inapofika hapo imekwisha kuzima taa na kufunga mlango.

Tunathubutu kusema kwamba kilichotokea Mexico kilikuwa ujasiri wa saa chache, na kilichotokea kati ya Mexico na Edinburgh ndicho kilichokuwa uvumilivu. Kwa nini basi tumeuhifadhi ujasiri na kuusahau uvumilivu? Tunadhani ni kwa sababu nafasi ya tano haina picha. Mtu wa mwisho mwenye bendeji huwaliza watazamaji. Mtu wa tano huandikwa katika orodha. Hata heshima alizopewa baadaye, kama nishani ya taifa ya mwaka 1983 na kushiriki kwake katika maandalizi ya Olimpiki ya Beijing ya 2008, zilimrudisha kila mara katika jioni ile moja ya Oktoba. Ni kana kwamba tulimwambia: wewe baki palepale ulipoumia, ndipo tunapokupenda.

Kasoro hii huhamia moja kwa moja katika daftari za wanafunzi. Kila mwaka tunasahihisha insha zinazotakiwa kuishia na methali "mvumilivu hula mbivu", na kila mwaka tunaikuta kiunzi ile ile. Aya ya kwanza, mhusika anaanguka. Aya ya pili, analia, anashauriwa na nyanya yake. Aya ya tatu, anapokea kikombe kutoka kwa mgeni rasmi. Kati ya nyanya na kikombe hamna kitu isipokuwa maneno "baada ya muda si mrefu". Tumekuwa tukizipa insha hizo alama nzuri kwa sababu sarufi yake ni safi. Pengine tungepaswa kuwapa alama wale wachache wanaoandika vibaya juu ya huo muda si mrefu.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo walimu wa Rwanda wanalijua vizuri kuliko wenzao wa pwani. Mwanafunzi wetu anayezungumza Kinyarwanda huja darasani na kitenzi *gutsinda*, kinachobeba maana ya kumshinda mwenzako na pia maana ya kufaulu mtihani. Na *gutsindwa* ni kufungwa uwanjani na pia kuanguka mtihani. Kwa hiyo huandika "nilishinda mtihani", nasi huchukua kalamu nyekundu na kuandika "nilifaulu". Ni sahihi kufanya hivyo. Lakini makosa hayo yanatufundisha jambo: kwa mtoto huyu, kupita kiwango na kumpita jirani ni tendo moja. Akiwa wa tano, kwa kitenzi alichokuja nacho, ameshindwa.

Kiswahili nacho kina hazina yake, nasi hatuitumii. Kitenzi chetu *kushinda* si kupata kikombe tu. Pia ni kukaa mahali au katika hali fulani mchana kutwa. Mtu hushinda shambani, hushinda na njaa, hushinda akifanya kazi. Mgeni akija alasiri tunamwuliza, "Umeshindaje?" Wanafunzi wetu wapya hulicheka swali hilo, hudhani wanaulizwa wamepataje ushindi, na hushangaa kuambiwa kwamba ni salamu, ndugu ya salamu yao wenyewe ya *mwiriwe*, ambayo nayo imetokana na kitenzi cha kupitisha mchana. Wataalamu wa lugha watueleze kama maana hizo mbili za *kushinda* zimetoka katika shina moja au zimekutana njiani. Sisi tunasema tu kwamba mwalimu akizipanga ubaoni bega kwa bega, mtu anayeshinda mazoezini na mtu anayeshinda mbio, darasa huwa na la kujadili kipindi kizima. Nusu ya wasifu wa Akhwari imo katika ile maana ya kwanza.

Tukitoka katika hadithi ya mdomo na kuingia katika filamu, mfano ulio karibu nasi ni *Rising from Ashes*, yaani Kuinuka Kutoka Majivuni, iliyotolewa mwaka 2012 chini ya uongozi wa T. C. Johnstone na kusimuliwa na mwigizaji Forest Whitaker. Inahusu timu ya waendesha baiskeli wa Rwanda na kocha wao Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981, na inamfuata zaidi Adrien Niyonshuti hadi anapofuzu kwenda Olimpiki ya London. Filamu hii ina sifa yake. Inaonyesha kazi: milima, mvua, matope, miguu isiyokubali. Katika hilo imeishinda hadithi ya Akhwari.

Tatizo letu liko kwenye jina lenyewe na dhamira inayotokana nalo. Niyonshuti, alipokuwa mtoto wa miaka saba, aliwapoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Filamu inayaweka mauaji hayo mahali pale ambapo insha za wanafunzi wetu huweka kuanguka: aya ya kwanza, ya kuinukia. Sisi tunaoishi katika jiji hili hatuwezi kulipokea jambo hilo kwa urahisi. Mauaji ya kimbari si kikwazo cha mwanamichezo. Hayakulipwa kwa medali wala hayawezi kulipwa, na mtu akishika nafasi ya mwisho katika mbio za baiskeli si kwamba taifa limeanguka mara ya pili. Mtazamaji wa mbali anaweza kuyapenda majivu na kuinuka kwa sababu yeye hutoka ukumbini na kwenda kula chakula cha jioni. Mwendesha baiskeli hubaki na mzigo wa watu milioni kadhaa juu ya tandiko lake. Ingetosha kumwacha awe na mzigo wake mwenyewe, ambao si mdogo.

Na hapa tena hadithi imekatwa mapema. Huko London, Niyonshuti alibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi, kisha akamaliza mbio za baiskeli za milimani akiwa miongoni mwa wa mwisho. Miaka minne baadaye alikwenda Rio, safari hii katika mbio za barabarani. Na nyumbani kwao Rwamagana alianzisha kituo cha kuwafunza vijana uendeshaji wa baiskeli. Kituo hicho kwetu sisi kina uzito kuliko bendera. Hakuna aliyetutengenezea filamu ya kijana anayejifunza Rwamagana kubadilisha mpira uliopasuka.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule za jiji zilifungwa wiki ile. Wanafunzi wetu walisimama Kimihurura na Nyamirambo, wakaona kwa macho yao yale tunayoyahubiri ubaoni; na waliyoyaona hayakukaa vizuri katika kiunzi cha insha.

Siku ya kwanza kabisa, mbio za wanawake za kushindana na saa zilishindwa na Marlen Reusser wa Uswisi. Mwanamke huyu alikuwa amepata fedha mwaka 2020, fedha tena 2021, shaba 2022. Mwaka 2023 huko Scotland, akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, aliteremka kwenye baiskeli katikati ya mbio. Hakuanguka. Baiskeli haikuharibika. Alichoka na yote, akasimama. Mwaka 2024 ugonjwa ulimzuia hata kwenda Olimpiki ya Paris. Kisha akaja Kigali, akapanda vilima vyetu na kupata dhahabu aliyoitafuta muda wote huo. Hadithi yetu ya Akhwari, jinsi tulivyozoea kuisimulia, haina nafasi ya mtu kama Reusser. Kwa sheria ya hadithi ile, mtu aliyeteremka njiani bila damu kumtoka amekwisha kuondolewa katika kitabu. Tunadhani sheria hiyo ni mbaya, na kwamba imewafukuza uwanjani watoto wengi kuliko inaowarudisha. Yule msichana wetu wa mita 1,500 alikuwa mmoja wao: alikuwa ametoka njiani, na sisi tukampa hadithi ya mtu asiyetoka.

Siku hiyo hiyo, kwa upande wa wanaume, Mbelgiji Remco Evenepoel alimpita barabarani Tadej Pogačar wa Slovenia, ingawa alianza nyuma yake. Pogačar, bingwa wa dunia wa mbio za barabarani, alimaliza wa nne. Juma moja baadaye Pogačar huyo huyo aliwaacha wenzake kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki zaidi ya kilometa 100, akashinda. Evenepoel wakati huo alikuwa amesimama kando ya barabara akipiga kelele kwa hasira. Tandiko lilikuwa limemharibikia, baiskeli ya pili haikumfaa, akawa anasubiri ya tatu. Alipoipata alifukuza jioni nzima na kuwa wa pili, zaidi ya dakika moja nyuma. Tulipenda kwamba wanafunzi wetu waliiona hasira ile. Katika insha zao mtu mvumilivu hakasiriki kamwe. Hunyamaza kama mtawa. Na tulipenda waone kwamba kurudi kwake mbioni kulimhitaji fundi mwenye baiskeli nzima, neno ambalo halijapata kutokea katika insha hata moja ya uvumilivu tuliyoisahihisha.

Katika mbio hizo za kilometa 267.5, waliomaliza walikuwa 30 tu kati ya zaidi ya 160 walioanza. Wengine walikuwa wametumia nguvu zao kuwasaidia wenzao wa timu, wengine walizidiwa na vilima. Mtangazaji mmoja tuliyemsikia kwa Kiswahili alisema kwamba wote hao "wamekata tamaa". Tunaomba watangazaji, na walimu pia, watofautishe. Kuna kujitoa, kuna kuondolewa, kuna kuzidiwa, kuna kuishia njiani, na kuna kukata tamaa. Lugha yenye maneno matano haina sababu ya kutumia moja, tena lile kali kuliko yote.

Muhula uliofuata tuliisimulia upya hadithi ya Akhwari katika darasa lile lile. Tulimtaja Bikila. Tulipofika kwenye mstari wa Mexico hatukusimama. Tulikwenda nayo hadi Edinburgh, tukaandika ubaoni majina na muda wa watano wa kwanza, kuanzia Ron Hill wa Uingereza aliyeshinda kwa 2:09:28 hadi Jack Foster wa New Zealand aliyekuwa wa nne kwa 2:14:44, kisha Akhwari. Somo halikuwa na mvuto wa zamani, tunakiri. Hakuna aliyelengwa na machozi, na wavulana wawili wa nyuma waliomba ruhusa ya kwenda nje.

Msichana wetu hakuuliza ikawaje. Alikuwa ameinama akipiga hesabu pembeni mwa daftari. Baadaye aliinua mkono akasema, "Mwalimu, huyu wa nne alimwacha kwa sekunde ishirini na moja tu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tulijua Akhwari alikuwa akifanya mazoezi mara ngapi kwa juma.